Ganjatun binti Mirdost na Babu Aliyeachwa Kisimani

Wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa pili wa pazia, majirani zetu wa Kolag, na ndugu mliotoka Turbat, Pasni na Maskati, kwetu mgeni akifika hakai kitako bila kuulizwa habari, na akiulizwa hana ruhusa ya kujibu nusu, lazima aanzie alikoanzia safari, ataje alipolala, aliokutana nao, mvua aliyoiona na mbuzi aliyekufa njiani, mpaka afike kwenye mkeka alioukalia. Leo ni Jumamosi, tarehe 16 Machi 2019, siku ya tatu ya matanga, na mimi Barkat mwana wa Dad Karim, mwalimu mstaafu, nimeulizwa habari za safari ya shangazi yangu, marehemu Ganjatun binti Mirdost, kwa kuwa yeye hawezi tena kujisemea. Nitaisema yote, na humo ndani mna jambo moja ambalo si lake bali ni langu, nimelikalia miaka thelathini na mitano, basi nikifika hapo naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa Sarkahn, katika bonde la Kech, akiwa mtoto wa pili wa Kahuda Mirdost, aliyekuwa mkuu wa kijiji hiki, na mkewe Naz Hatun, mkunga. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1940, lakini nyote mnajua kwamba yule karani aliyekuja kutuandikisha alikuwa na haraka ya kurudi mjini, akatuzalisha nusu ya kijiji siku moja, hata kaka mtu na mdogo mtu wakawa pacha. Mama yake alisema alizaliwa wiki ya kwanza ya kuvuna tende, mwaka ambao mafuriko yalichukua mitende ya chini, wakati wa joto ambalo hata mbuzi hawataki kusimama. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba kwa kuwa alikuja duniani kwenye joto, Mungu angemwondoa kwenye ubaridi, na kama mlivyoona, hakuambiwa hapana.

Kuhusu elimu, wakati wake shule ya wasichana haikuwepo, alisomeshwa Kurani na mke wa mwalimu wa msikiti, akahitimu akiwa na miaka kumi, na mama yake akamfundisha sindano na uzi, ile kazi ya kudarizi kifua na mikono ya nguo ambayo wengi wenu mama zangu mmeivaa leo ikitoka mkononi mwake. Kusoma na kuandika alianza mwaka 1987, akiwa na miaka arobaini na saba, katika darasa la kina mama lililofundishwa na binti yake mwenyewe Granaz, na Granaz anashuhudia kwamba hakuwahi kuwa na mwanafunzi mbishi kama huyo. Neno la kwanza aliloomba kufundishwa lilikuwa jina lake, na la pili likawa Shambe, akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwake, herufi kubwa zisizolingana, na kila lilipofifia aliliandika upya. Mtu akimuuliza kwa nini anachafua ukuta, alijibu kwamba kuna watu walisoma mpaka Karachi wakasahau jina hilo, basi yeye ameanza nalo.

Mtu huyo aliyesoma mpaka Karachi ni mimi, lakini nitafika, ngoja kwanza nimalize kazi zake.

Kazi yake ilikuwa ukunga, aliyoianza mwaka 1957 kando ya mama yake na kuifanya mpaka mwaka 2009, macho yalipomkatalia, miaka hamsini na miwili, huku Sarkahn na kule Kolag kwa ndugu zetu Wamirdadi, wakati wa amani na wakati wa kununiana, maana alisema uchungu wa kuzaa haujui nani hasemi na nani. Mimi mwenyewe alinipokea mwaka 1958, na nilitanguliza miguu, akazoea kunitania mbele ya watu kwamba nilikuja kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajafika. Pamoja na kupokea watoto aliwaimbia, kwa sababu kwetu mtoto akizaliwa wanawake hukaa na mzazi siku sita wakiimba sifa, na baada ya hapo mtoto akiwekwa kwenye bembea huimbiwa baba zake saba, mmoja baada ya mwingine, ili akikua asije akaulizwa yeye ni nani akababaika. Katika wimbo huo, sisi wa rika langu tuliimbiwa mpaka kwa Nodan, ambaye kabila letu la Wanodani limepewa jina lake, na baada ya Nodan likaja jina la saba na la mwisho, Shambe.

Sasa hapa nieleze, kwa ajili ya vijana waliozaliwa Maskati na Bahreni, ambao nimewaona wakitazamana. Kila Mbaloch aliyekaa hapa anajua tunavyosema, kwamba asili yetu ni Halab, mji wa Shamu, kwamba wazee walitoka huko baada ya msiba wa Karbala wakaja mashariki na mifugo yao na bendera zao, na mimi sibishani na hilo, waliotoka Halab walitoka. Lakini baba yake Nodan, kwa habari za wanawake wa kijiji hiki, alikuja kwa miguu peke yake kutoka upande wa Panjgur, na sululu begani, akikimbia damu au akikimbia njaa, hakusema, akafika Kolag akashika mlango wa mababu wa Wamirdadi na kuomba hifadhi. Mkimbizi wa namna hiyo tunamwita bahot, na aliyeshikiwa mlango wake hana hiari, atamlinda hata kwa kichwa cha mwanawe. Walipomuuliza anatoka wapi na ni mtu wa nani, alisema wamuulize akishamaliza kuchimba, na akaanza kuchimba kahn, huu mfereji wetu unaopita chini ya ardhi kutoka mlimani mpaka mitendeni, mashimo arobaini na moja, miaka tisa, akiingia na taa ya mafuta na kutoka na udongo. Alipomaliza, maji yakatoka, na watu walikuwa wanakunywa, hakuna aliyekumbuka kuuliza. Jina lake lenyewe, Shambe, ni siku ya leo, Jumamosi, jina wanalopewa watoto wa watu wa kazi ambao wazazi wao hawana nafasi ya kutafuta jina.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Februari 1961 na Jiand mwana wa Mehrab, mcheshi na mpole, askari katika jeshi la Sultani kule Maskati, aliyekuwa akirudi nyumbani miezi miwili kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ndoa yao ilidumu miaka arobaini na moja, lakini shangazi alisema ukikusanya siku alizokaa naye chini ya dari moja haifiki minane, na ndiyo maana hawakupata muda wa kuchokana. Walijaliwa watoto watatu, Granaz mwaka 1963, Mehrab mwaka 1967, na Nazuk, ambaye Mungu alimchukua akiwa na miaka miwili, na ambaye shangazi hakuacha kumhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi. Jiand alifariki mwaka 2002. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu tisa, vitukuu wanne, na watoto wengi aliowapokea ambao sisi hatukuwahi kuwahesabu, ila juzi kaburini niliona nusu ya uwanja inamlilia mtu aliyekuwa wa kwanza kuwashika.

Basi nimefika pale nilipokuwa nazunguka.

Mwaka 1980 nilikwenda Karachi chuoni, nikakaa na vijana wa makabila makubwa, kila mmoja ana kitabu cha nasaba ya watu wake kilichopigwa chapa, na siku moja tukiwa tunakunywa chai mwenzangu mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, Wanodani ni nani, mbona hajapata kuwasikia. Sikulala njaa siku ile wala sikupigwa, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Niliporudi nikiwa na digrii yangu na fulana mpya nikaanza kuandika kitabu chetu, nikazunguka kwa wazee wa kiume, na wazee wa kiume kila mmoja aliniambia habari za Halab, na nilipofika kwa Nodan nikakuta nyuma yake yupo mchimba visima mwenye jina la siku. Nikapekua vitabu nikampata jemadari mmoja, Mir Shahmir wa Halab, aliyepita njia ya Makran na wanawe hawakutajwa, na niwaambie siri ya kazi hii, mtu mkubwa ambaye wanawe hawakutajwa ni mali ya dhahabu kwa mwandishi wa nasaba. Nikamfanya Nodan mwanawe, nikamruka Shambe.

Baba yangu Dad Karim, aliyekuwa Kahuda wakati huo na kaka wa marehemu, alifurahi mpaka akachinja mbuzi watatu, na tarehe 11 Novemba 1984 kitabu kikasomwa hapa hapa, na majina yakachorwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kijani, huo uliotundikwa nyuma yangu. Shangazi alikuja akiwa na mfuko wake wa nyuzi, akaniomba nimsomee ubao, kwa maana wakati huo alikuwa hajui kusoma, nami nikamsomea kwa madaha, baba hadi baba, mpaka Nodan bin Mir Shahmir wa Halab.

"Na Shambe?" akauliza.

Nikamwambia kwa sauti ya msomi kwamba Shambe hajathibitishwa na maandishi.

"Na maji uliyoogea leo asubuhi," akasema, "yamethibitishwa na maandishi gani? Halab sijaiona, mwanangu. Maji nimeyaona. Umemrudisha babu yako kisimani, Barkat, ukamfunika."

Watu wakacheka, baba akamwambia aache mambo ya wanawake ya kwenye bembea, naye hakugombana, alichukua nakala yake ya kitabu, akashukuru, akaenda nayo nyumbani, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata kitabu changu kilikuwa kifuniko cha chungu chake cha maziwa ya mgando. Mimi nilikiona hapo kila nilipokwenda kumsalimu, na kila Iddi, akishanipa mkono na tende, aliniuliza swali lile lile, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Barkat, Shambe ameshatoka kisimani?" Nami nilimjibu, bado kidogo, shangazi.

Mwaka 1996, mwezi wa Mei, wakati tende zimeshika na mitende ina kiu kuliko mtoto mchanga, Wamirdadi walifunga mlango wetu wa maji. Mnajua utaratibu wa kahn hii tangu zamani, siku saba zao na siku saba zetu, lakini siku zetu zilipofika tulikuta mlango umezibwa kwa mawe na vijana wao wamekaa juu. Vijana wetu walitaka kwenda na bunduki, na wazee wa bonde wakawahi kuita baraza kule Kolag, siku ya Jumatatu tarehe 20 Mei, watu arobaini na zaidi, chini ya mzee mmoja wa ukoo wa tatu ambaye hakuwa na maji kwao wala kwetu. Waja Hammal, yaani Bwana Hammal, mkuu wa Wamirdadi, alileta vitu viwili tu. Cha kwanza kilikuwa karatasi ya zamani ya babu zake, iliyoandika kwamba nusu ya maji ni ya Shambe mchimbaji na kizazi chake, maadamu kizazi hicho kipo. Cha pili kilikuwa kitabu changu.

"Kizazi cha Shambe kiko wapi?" Hammal akauliza baraza. "Mwalimu wao ameandika kwamba wao ni wana wa jemadari wa Halab. Sawa, hongera. Basi wakanywe maji ya Halab."

Nilitafuta mahali pa kuweka uso sikupaona. Wazee wa baraza walimgeukia baba, na mimi niliyekaa ubavuni pake nilijua anapima nini, mitende elfu moja na maisha ya watu wote wa Sarkahn upande mmoja, na upande wa pili kusimama mbele ya wanaume arobaini aseme kwamba Kahuda wa Wanodani ni mjukuu wa mkimbizi aliyekuja na sululu. Jambo jepesi sana kulisimulia leo. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nguvu ya kulitamka, nami ndiye niliyekuwa nimewafunga midomo wote kwa kalamu yangu.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Kwetu mwanamke haingii baraza la wanaume isipokuwa damu inakaribia kumwagika, na akiingia silaha hushushwa, kwa hiyo wote waliinamisha macho wakangoja. Alikuja na mtandio wake umemfunika vizuri na mfuko wake wa nyuzi mkononi, akakaa kwenye pembe ya mkeka, hakutugeukia sisi ndugu zake hata kidogo, akamgeukia Hammal, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

"Hammal," akasema, "mama yako alikuwa akikuimbia nini kwenye bembea?"

Hammal akasema hayo si mambo ya baraza. Shangazi akamwambia kwamba yeye alikuwepo, kamba ya bembea ya mdogo wake Hammal aliivuta kwa mkono wake akiwa msichana anayemfuata mama yake kazini, na kama amesahau maneno atamkumbusha, ila ni vizuri zaidi yatoke kwake. Hammal akatazama magoti yake, halafu mkuu huyo wa Wamirdadi, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, akayasema taratibu, bila kuimba, mbele ya wanaume wote wale:

"Lala mwanangu lala, maji ya Shambe yaja. Alishika mlango, kivuli tukampa. Mto akatupatia, yeye na Nodan wake."

Kisha akaweka kitabu changu chini, akamsemesha baba yangu moja kwa moja, na maneno yake nimeyabeba mpaka leo.

"Dad Karim, unadhani tulifunga mlango kwa sababu ya maji? Babu yako alishika mlango wetu, tukamlinda. Walikuja watu kumtaka, na kijana wetu mmoja akafa kizingitini, Shambe akiwa ndani. Katika yote tuliyowahi kufanya sisi watu wa Kolag, hatuna kubwa kuliko hilo. Nyinyi mmeona aibu, mmelifuta. Ile si aibu yenu, ni heshima yetu. Mmetunyang'anya hiyo kwa miaka kumi na miwili."

Ndugu zangu, mimi nilidhani nimefuta jina la mtu mmoja mnyonge asiye na wa kumdai, kumbe nilikuwa nimefuta na wenyeji wake, nimemfuta na yule kijana wa kizingitini, na watu wale walikuwa wakisoma kitabu changu kama mtu anayesoma tusi. Kabla ya siku ile sikuwa najua hata kwamba kuna mtu aliyekufa. Wimbo wetu haukumtaja, na kitabu changu hakikuuliza.

Baba yangu alisimama, akataja baba zake mmoja mmoja kwa sauti ya Kahuda, mpaka Nodan, akamtaja na Shambe, na akaongeza kwamba alikuwa mchimbaji na alishika mlango wa watu hawa. Akaketi. Hammal akavuka mkeka akamkumbatia, mlango wa maji ukafunguliwa alasiri ile ile, na jioni tulikula nyama ya Wamirdadi kwa mikono ileile iliyotaka kushika bunduki, na shangazi alikuwa ameshaondoka kwa sababu kulikuwa na mzazi upande wa chini. Njiani alipita nyumbani kwake akaondoa kitabu changu kwenye chungu, akaweka sahani, akasema maziwa hayana kosa.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini ukweli usemwe, maji tuliyachukua na mchimbaji tukamwacha palepale. Niliahidi kutengeneza kitabu na ubao mwezi ule ule, na mwezi ukapita, watu wa Quetta walikuwa wamekitaja kitabu changu katika maandishi yao, wanafunzi wangu walikuwa wanakariri Mir Shahmir kwa ajili ya mitihani ya darasani, na kila nilipochukua kalamu nilimwona yule mwenzangu wa chai kule Karachi akiniuliza sisi ni nani. Baba alifariki mwaka 2004 akiwa hajaniuliza tena, nadhani naye alipumua. Ni shangazi peke yake aliyeendelea, Iddi hadi Iddi, Shambe ameshatoka kisimani, na mimi bado kidogo, shangazi, miaka ishirini na miwili baada ya baraza, mimi mtu mzima mwenye mvi na pensheni.

Iddi moja alinieleza kwa nini ana haraka. Alisema kwamba kwangu mimi Shambe ni baba wa saba, anaangukia kidole cha mwisho cha hesabu, lakini kwa watoto wangu atakuwa wa nane, na kwetu tunahesabu saba tu, kwa hiyo yeye na mimi tukishaondoka hakutakuwa na mtu wa kumtoa, atakuwa amezikwa kwa hesabu. Alisema hivyo huku akinimenyea tende.

Kuhusu ugonjwa na mauti, afya ya marehemu ilikuwa nzuri mpaka tarehe 18 Desemba 2018, alipopata kiharusi akiwa jikoni kwake, akapelekwa Turbat na kisha Karachi, ambako alilazwa siku kumi na tisa, na aliporudi nyumbani mkono wa kulia na maneno vilikuwa vimemwondoka. Akili haikuondoka, macho yalikuwa yale yale ya kutania, alikula supu na mkate, na mwezi wa Februari aliweza kukaa nje kwenye jua. Granaz aliniita alasiri moja, tarehe 21 Februari, akisema mama anaonyesha ukuta wenye jina la mkaa na haelewi anataka nini, nami nilielewa mara moja, nikatamani kujifanya sielewi. Nilikaa karibu naye, nikaanza kumwimbia wimbo wa bembea, mimi ambaye sauti yangu hata mbuzi wanaikimbia, na yeye akawa anapiga mapigo kwa kidole cha kushoto juu ya godoro, Dad Karim, Mirdost, Rahmdil, Pullan, Lashkaran, Nodan. Nikanyamaza. Kidole kikabaki juu. Nilimtazama, naye akanitazama, na kidole hakikushuka, kilikuwa kinatetemeka kwa kuchoka lakini hakikushuka, mpaka nikasema Shambe, ndipo kikagonga godoro, akafumba macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo ambao bado ulikuwa wake. Nililia siku ile kama mtoto wa kwenye bembea, na sioni haya kuwaambia.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, baada ya sala ya asubuhi, nyumbani kwake, binti yake akimshika mkono, upepo wa ubaridi ukivuma kutoka mlimani, na akazikwa siku hiyo hiyo katika makaburi yetu kando ya shimo la kumi na saba, pale ambapo ukitega sikio unasikia maji yakipita chini.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Turbat na Karachi, dereva aliyempakia mara mbili katika barabara ile mbovu bila kumtikisa, wanawake wa Sarkahn waliokuwa wakimgeuza kitandani kwa zamu, wakunga vijana wa zahanati ambao aliwafundisha na kuwagombeza, walimu wenzangu, na ndugu wa Maskati waliofika kwa ndege na kwa gari bila kulala. Nawashukuru kipekee Wamirdadi, kwa maana Alhamisi tulipofika makaburini na majembe yetu tulikuta wana wa marehemu Waja Hammal wameshachimba, na walipoulizwa nani amewatuma, walisema safari hii ilikuwa zamu yao kuchimba. Kijana wa kizingitini, ambaye wazee wao wamenipa jina lake jana, aliitwa Kenagi, na nimeliandika.

Naomba pia mnaoegemea ukuta huu wa nyuma yangu msogee kidogo, maana rangi ya ubao haijakauka. Nimeupaka leo baada ya sala ya asubuhi, kwa mkono wangu, nikamfuta jemadari kwa rangi ya kijani, Mungu amrehemu huko aliko, hakuniomba ukoo. Na watoto wa nyumba hii, kuanzia leo tunahesabu wanane, na wajukuu watahesabu tisa, hakuna atakayelala mpaka amefika mwisho.

Shangazi, kila Iddi uliniuliza, na kila Iddi nilikujibu vibaya. Uliza sasa. Ametoka.

Pumzika, Ganjatun, binti Mirdost, bin Rahmdil, bin Pullan, bin Lashkaran, bin Nodan, bin Shambe mchimbaji.